Siku maalumu za makumbusho ya reli na magulio ya treni za modeli huku Pennsylvania: mgeni aanzie wapi?

Baba Amani (Lancaster, Pennsylvania)

Wakuu, habari za kazi.

Naishi Lancaster na familia yangu, na kijana wangu wa miaka tisa, tangu tulipompandisha treni ya mvuke ya Strasburg, hana habari nyingine zaidi ya vichwa vya treni na mabehewa. Mimi ni mzaliwa wa Kalemie niliyekulia Kigoma, hivyo treni si jambo geni kwangu. Pande zote mbili za Ziwa Tanganyika reli inakomea ufukweni, na shehena huendelea na safari kwa meli. Lakini huku kuna mambo mawili ambayo utotoni sikuyakuta, nami naomba mwenye uzoefu anielekeze.

La kwanza ni makumbusho ya reli. Karibu nasi yapo kadhaa, na kila nikipita naona tangazo la siku maalumu: mara ya kampuni fulani ya reli ya zamani, mara ya treni na wanajeshi, mara ya katuni za watoto. Baadhi ya siku hizo kiingilio chake huzidi cha kawaida. Je, ziada hiyo ina thamani yake, au ni heri kwenda siku ya kawaida ambapo hakuna msongamano?

La pili ni haya magulio ya treni za modeli yanayofanyika mwishoni mwa wiki katika kumbi za zimamoto na viwanja vya maonyesho. Niliingia katika mojawapo nikakuta meza baada ya meza zimejaa injini, vipande vya reli, nyumba ndogondogo na maboksi yaliyochakaa, na kila kitu kimeandikwa herufi nisizozielewa: O, HO, N, S. Nilitoka mikono mitupu kwa kuhofia kununua kitu kisichoendana na kingine. Ningependa pia kujua kama katika magulio hayo mtu anaweza kupata modeli za treni za kwetu, ziwe za Kongo, Tanzania au Kenya, maana kijana ananiuliza kila siku kwa nini treni aliyopanda babu yake haiuzwi.

Fundi Bogi (Baltimore, Maryland)

Kaka Baba Amani, ulifanya vema kutoka mikono mitupu, kwa sababu wengi wetu nyumba zetu zina boksi la vitu visivyoendana ambalo hatujui tulifanyie nini.

Kabla ya bei na kabla ya jina la kiwanda, amua ukubwa. Herufi ulizoziona zinataja uwiano kati ya modeli na treni ya kweli. HO ni 1 kwa 87, na nafasi kati ya reli zake mbili ni milimita 16.5. N ni 1 kwa 160, na nafasi yake ni milimita 9. S ni 1 kwa 64. O ya Marekani ni 1 kwa 48 kwa hesabu, na nafasi yake ni karibu milimita 32, ingawa vitu vingi vya O utakavyovikuta gulioni ni vya kuchezea na havikufuata hesabu hiyo kwa ukamilifu. Treni ya ukubwa mmoja haipiti kwenye reli ya ukubwa mwingine, na hata zikilingana kwa upana, umeme wake unaweza kuwa tofauti. Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen, hutengeneza njia yenye reli ya tatu katikati na hutumia umeme wa AC kutoka kwenye transfoma, ilhali HO ya kawaida hutumia reli mbili na umeme wa DC wa volti zisizozidi 12 hivi. Siku hizi kuna pia injini zenye kifaa cha kidijitali ndani yake, ambazo huamrishwa moja moja hata zikiwa kwenye reli moja. Kwa mtoto anayeanza, hizo ziache kwanza.

Ukishaamua ukubwa, nenda gulioni na futi ya mkononi na noti ndogondogo, kwa kuwa wauzaji wengi ni wastaafu wanaopenda taslimu. Omba injini ijaribiwe kabla ya kulipa. Magulio mengi huweka meza yenye reli ya kujaribia, na muuzaji anayekataa kwa kisingizio kwamba "nyumbani ilikuwa inatembea" mshukuru na uendelee na safari yako. Injini ikiwa juu ya reli, sikiliza: mngurumo ulio sawasawa ni dalili njema, mlio wa kukwaruza unaopanda na kushuka kwa kila mzunguko wa gurudumu ni dalili ya jino la gia lililopasuka. Kisha ipindue. Magurudumu yenye ukoko mweusi si tatizo, kwani spiriti na kitambaa vitaondoa; nywele na nyuzi za zulia zilizojizungusha kwenye ekseli zinakuambia kwamba ilikuwa ikiendeshwa sakafuni, nayo haijafunguliwa kusafishwa. Kwa vitu vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, tazama sehemu zilizosubuliwa kwa zinki, kwa sababu baadhi yake huoza kutoka ndani: utaona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, na kitu cha namna hiyo hakitengenezeki.

Jambo ambalo sitalipitia haraka ni transfoma kuukuu. Gulioni utazikuta chini ya meza kwa bei ya kutupa, nyeusi, nzito, na zinavutia kweli. Waya wake wa kuingia ukutani mara nyingi una zaidi ya miaka sitini, na mpira wake umekauka kiasi kwamba ukiukunja kidogo unapasuka na shaba inaonekana. Ukunje mbele ya muuzaji, karibu kabisa na pale unapoingia kwenye kasha, kwa kuwa hapo ndipo unapoanza kufa. Ukipasuka, ama uache, ama ununue kwa nia ya kumpelekea fundi aubadilishe waya kabla mtoto hajaigusa.

Kuhusu bei, kupatana si aibu, ila si kwa mtindo wa soko la Kongowea kule Mombasa. Mtu akikutajia dola 60, usimjibu 15, ataona unamdharau. Chukua vitu viwili au vitatu vya meza moja, uviweke pamoja, umuulize bei yake ya mwisho kwa vyote. Saa ya mwisho, watu wanapoanza kufunga maboksi, bei hushuka zenyewe, lakini vilivyo bora huwa vimeshaondoka tangu asubuhi. Kwa anayeanza, hiyo saa ya mwisho inafaa sana, kwa sababu unachohitaji wewe ni reli, mabehewa ya kawaida na nyumba, si vya adimu.

Gulio kubwa kuliko yote katika eneo lenu liko York, ng'ambo ya mto Susquehanna, nalo hufanyika Aprili na Oktoba. Linaandaliwa na tawi la mashariki la Train Collectors Association, chama cha wakusanyaji wa treni za kuchezea kilichoanzishwa mwaka 1954, kwa hiyo ulizia masharti ya kuingia kabla hujafunga safari. Mimi nisingempeleka mgeni huko kwanza. Kumbi ni nyingi, macho yanachoka kabla ya saa sita, na mtu asiyejua anachokitafuta huishia kununua kwa uchovu. Anzeni na haya ya kumbi za zimamoto.

Niseme pia kwamba makumbusho na gulio ni shughuli moja yenye vipindi viwili. Chukua mfano wa GG1, kichwa cha umeme cha Pennsylvania Railroad, ambacho vilitengenezwa 139 kati ya mwaka 1934 na 1943. Katika Railroad Museum of Pennsylvania hapo Strasburg vipo viwili, nambari 4800 na 4935. Kile cha 4800, ambacho ni cha kwanza, bati lake limeshikwa kwa ribiti mwili mzima. Msanifu Raymond Loewy akashauri vinavyofuata viunganishwe kwa kuchomelewa, na 4935 kimetoka laini, kijani cha kukaribia weusi, na mistari mitano ya dhahabu inayokutana puani. Mtoto akisimama mbele ya vyote viwili anaelewa mwenyewe, bila hotuba, maana ya ushauri ule. Sasa, Lionel ilianza kutoa modeli ya GG1 mwaka 1947, na mistari yake ilipigwa kwa muhuri wa mpira, hivyo kwenye iliyotumika huwa imefifia pale vidole vilipokuwa vikishika. Ukiiona gulioni ina mistari inayong'aa kuliko rangi ya mwili wake, muulize muuzaji nani aliipaka upya. Mara nyingi atacheka, na bei itashuka.

Mama Neema (Lancaster, Pennsylvania)

Baba Amani, sisi ni majirani, basi nikujibu lile la makumbusho ambalo Fundi amelipita kwa kasi.

Elewa kwanza kwamba pale Strasburg pana taasisi mbili zinazotazamana kuvuka barabara, na kila moja ina tiketi yake. Upande mmoja ni reli yenyewe, Strasburg Rail Road, iliyopewa hati yake mwaka 1832, ikakaribia kufutwa, kisha ikanunuliwa na wapenzi wa reli mwaka 1958 na kuanza kubeba watalii mwaka uliofuata. Upande wa pili ni makumbusho ya jimbo, yaliyofunguliwa mwaka 1975, yenye ukumbi mkubwa wa vichwa na mabehewa na uwanja wa nje. Watu hununua tiketi ya upande mmoja wakidhani wamelipia pande zote mbili, kisha wanakasirikia watoto.

Siku maalumu ina thamani pale inapokuletea watu, si mapambo. Siku za kawaida utaona mashine, utasoma maelezo, utaondoka. Siku kama zile za Julai za kuadhimisha reli ya Reading, ukumbini huwamo watu waliotumia miaka mingi kuichunguza reli hiyo moja, na ukimuuliza mmoja wao kuhusu mpini mmoja tu ataitoa historia yote ya mpini huo. Mwanao wa miaka tisa ndiye hasa wanayemtaka, kwa sababu anauliza maswali ambayo mtu mzima anaona haya kuyauliza. Kinyume chake, siku za katuni ya Thomas ni za watoto wadogo, foleni ni ndefu, na kijana anayejua jina la kila gurudumu atanuna. Hapo pesa yako ibaki mfukoni.

Kama mtapanda tena treni ya mvuke, fanyeni hivi. Safari ni ya dakika 45, inapita katikati ya mashamba ya Waamishi, wale Wakristo wanaoishi kwa mila za kizamani, hadi Paradise, ambako njia hiyo inakutana na njia kuu ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, yenye nyaya za umeme. Huko mwisho injini hufunguliwa, hupita njia ya pembeni, na kuja kuunganishwa upande wa pili kwa ajili ya kurudi. Basi wakati wa kwenda kaeni behewa la mwisho kabisa. Mkifika, injini itakuja hadi mbele ya macho yenu, mtamwona mfanyakazi akisimama kando na kuonyesha ishara kwa mkono, kisha mtasikia vile viungo viwili vya chuma vikifumbana na behewa zima likitikisika mara moja. Mwanangu hakujali mashamba wala Amtrak. Alitaka kulirudia tendo hilo tu. Ikiwa mtaikuta nambari 90, mwambie kijana ahesabu magurudumu makubwa ya kuendeshea: matano kila upande. Hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1924 kwa ajili ya kuvuta mizigo ya viazi sukari huko Colorado. Na kama hamwogopi baridi, nendeni miezi ya baridi, kwa kuwa hewa ikiwa baridi mvuke unaonekana mweupe na mzito, wakati Julai hupotea kabla hujaelekeza kamera.

Kabla ya gulio lolote, mpelekeni National Toy Train Museum, hapohapo Strasburg. Ni ya chama kile alichokitaja Fundi, na ndani yake pana meza za ukubwa mbalimbali ambazo mgeni huendesha treni kwa kubonyeza kitufe. Mtaona O, HO na N zikitembea jengo moja, na kijana atachagua kwa macho yake badala ya wewe kuhangaika na milimita.

Mwanareli wa Makongeni (Nairobi)

Naomba nijibu la treni za kwetu, ingawa nipo mbali na magulio yenu.

Usitarajie kuzikuta mezani Pennsylvania. Wauzaji wa huko huuza kile ambacho babu zao walikiona kikipita, na hilo ni haki yao. Modeli za treni za Afrika Mashariki zimekuwa zikitengenezwa kwa idadi ndogo, nyingi kwa vipande vya shaba vya kuunganisha mwenyewe, na bei yake si ya mtoto. Njia iliyo wazi ni kujenga.

Kama kijana anataka kichwa kimoja cha kukitamani, mwonyeshe picha za injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59 za East African Railways. Zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, zikawa ndizo injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja. Nambari 5918, Mount Gelai, ipo katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni. Ina uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, lakini imegawanyika mara tatu: tangi la maji mbele, boila katikati, tangi la mafuta nyuma, na zile sehemu za mbele na nyuma zenye magurudumu hugeuka kila moja kivyake. Ndiyo sababu iliweza kupinda kwenye kona za njia ya Mombasa ikiwa ndefu kiasi hicho. Kwa mwanamodeli hiyo ni neema, kwa sababu hata meza ndogo yenye kona kali inaweza kuipokea.

Makumbusho yetu hayana siku maalumu nyingi kama zenu, lakini vitu vingi viko uwanjani, na unaweza kuikaribia mashine kuliko nilivyozoea kuona kwenye picha za Ulaya. Kipo pia kile kibehewa ambamo mkuu wa polisi Charles Ryall alivamiwa na simba akiwa stesheni ya Kima mwaka 1900. Watoto wa shule wakifika hapo hawaulizi tena habari za injini.

Baba Amani

Nawashukuru sana. Tumefika National Toy Train Museum kama Mama Neema alivyoshauri, na kijana amechagua HO bila kusita, akisema O inajaza meza kabla treni haijafika popote. Limebaki swali moja. Reli ya Kalemie ni ya milimita 1,067 na ya Kigoma ni ya mita moja. Nikitaka kumjengea behewa moja la kila upande wa ziwa, je, zitaweza kutembea kwenye reli moja ya modeli, au ndiyo nimeingia gharama mara mbili? Na je, naweza kutumia vitu vya HO vya gulioni?

Fundi Bogi

Zitaweza, na hapa hesabu iko upande wako. Ukijenga kwa 1 kwa 87, mita moja inakuwa milimita 11.5 na milimita 1,067 zinakuwa 12.3. Reli ya modeli ya milimita 12 inauzwa tayari, hutumiwa sana na wanaojenga treni za milimani za Uswisi, na macho ya mtu hayatambui hizo sehemu za milimita. Tatizo ni kwamba vitu vyake gulioni kwetu ni haba, na kwa bei ya dukani utalia.

Kwa hiyo nakushauri ufanye kinyume: chukua reli ya HO ya milimita 16.5, ambayo imejaa kila gulio, kisha ujenge behewa kwa 1 kwa 64, yaani ukubwa wa S. Kwa uwiano huo milimita 1,067 zinakuwa 16.7, karibu sawasawa kabisa, na mita moja inakuwa 15.6, tofauti ambayo utaijua wewe na mimi tu. Wapenda modeli wa New Zealand, ambako reli ni ya 1,067 kama ya Kalemie, wanafanya hivyo miaka mingi. Faida yake ni kwamba magurudumu, bogi (vile vigari vya magurudumu vinavyozunguka chini ya behewa), viungo na hata mota ya injini vyote vinatoka kwenye HO, na vigari vingi vya kuchezea vinavyouzwa madukani vinakaribia 1 kwa 64, hivyo stesheni yako itapata lori na teksi bila gharama.

Gulioni, usitazame juu ya meza. Inama utazame maboksi ya chini, yale ya mabehewa yaliyovunjika, yanayouzwa kwa dola chache. Unachokitaka ni fremu yenye bogi mbili zinazozunguka vizuri. Mwili wake ukiwa umepasuka ndiyo bora, kwa sababu utautupa. Lisukume behewa kwenye meza kwa kidole: likienda sawa bila kuyumba, chukua. Hakikisha kiungo chake ni kile cha kufumbana kama ngumi, si kile cha zamani cha ndoano ya plastiki, au ujiandae kukibadilisha.

Kwa mwili wa behewa, karatasi ngumu za plastiki nyeupe za unene wa milimita moja zinatosha, na kijana anaweza kuzikata kwa kisu na rula ukiwa karibu. Anzeni na behewa la mizigo lililofungwa, kwa kuwa lina kuta bapa, mlango mmoja wa kuburuta kila upande na paa la mviringo mdogo, halina madirisha ya kumkatisha mtu tamaa. Kama huna michoro, tafuta picha ambayo mtu amesimama kando ya behewa, ukadirie urefu wake kuwa mita 1.7, upate vipimo vingine vyote kutoka hapo. Paa ndilo gumu: likunje kwenye chupa ukiwa umelimwagia maji ya moto, ulifunge kwa kitambaa, na ulale usiku mmoja kabla ya kulifungua.